Moyo Mmoja, Majina Matatu

Kasyoki hakuwa mwanamke wa kukumbuka sura. Ungekutana naye sokoni Kitengela siku ya Jumamosi, umwambie kwamba alikupima moyo juzi tu, naye angekutazama kwa adabu huku akibahatisha wewe ni nani. Lakini ungelala tena kwenye kitanda chake, akupake jeli ubavuni na kukuwekea kile kichwa cha mashine chini ya titi la kushoto, angekujua kabla hujavuta pumzi ya tatu. Mioyo aliikumbuka. Kila mmoja ulikuwa na mwendo wake, na kasoro zake pia.

Kazi hiyo aliianza mwaka wa elfu mbili na mbili, wafadhili walipoleta mashine ya eko, inayopiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, katika Hospitali ya Olmoti, hospitali ya serikali iliyo kando ya barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na mji wa Kajiado. Kabla ya hapo alikuwa amepiga picha za eksirei kwa miaka tisa. Walimpeleka Nairobi kwa mafunzo ya miezi sita, akarudi akapewa chumba kidogo chenye pazia zito, kwa sababu picha za moyo huonekana vizuri gizani. Mgonjwa alilala kwa ubavu wa kushoto, uso kwenye ukuta. Kasyoki alikaa nyuma yake, macho kwenye skrini. Wangeweza kumaliza nusu saa pamoja bila kutazamana.

Jumanne moja ya Oktoba mwaka wa elfu mbili na tano, aliingia mwanamke aliyejifunga leso kichwani hadi karibu na nyusi. Kadi yake ilisema ni Nthambi Mwanzia, karani wa ofisi ya maji, miaka arobaini na miwili. Kwa kuwa jina lilikuwa la kwao, Kasyoki alimsemesha Kikamba, akamwomba asogee juu kidogo. Mwanamke hakusogea. Alipomwambia kwa Kiswahili, akasogea mara moja. Kasyoki alijiambia huenda amelelewa mjini, akaweka jeli.

Picha ilipotulia kwenye skrini, mkono wake ulisimama.

Ile vali ya kushoto, ambayo inapaswa kufunguka na kufungwa kama mlango wa mbao mbili, ilikuwa imeshikana kwenye ncha, na kila damu iliposukuma ilipinda katikati kama goti. Hilo peke yake halikuwa ajabu. Watu wengi walioumwa koo utotoni bila kutibiwa hubaki na moyo wa namna hiyo. Lakini kwenye ubao wa mbele wa vali hiyo kulikuwa na kipele kigumu, cheupe, kama punje ya mtama. Na chini yake, ndani ya chumba kikubwa cha moyo, kulikuwa na uzi mwembamba uliovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Uzi wa namna hiyo haumdhuru mtu. Wengine huzaliwa nao tu. Punje na uzi, vyote viwili mahali palepale. Kasyoki alikuwa ameuona moyo huu.

"Ulishawahi kupimwa hapa?" aliuliza.

Mwanamke alivuta leso chini kidogo. "Hapana."

Sauti ilikuwa changa. Kasyoki aliinua macho kutoka kwenye skrini, jambo ambalo hakulizoea, akatazama mkono uliolala juu ya shuka. Ulikuwa mkono wa msichana, kucha fupi, ngozi ya vidole imepasuka kwa sabuni. Wa miaka arobaini na miwili? Alitaka kuuliza tena, lakini kwenye benchi nje kulikuwa na watu tisa na umeme ulikuwa umeshapotea mara moja asubuhi hiyo. Aliandika ripoti, akatia sahihi, akamwambia aipeleke kliniki ya moyo, chumba cha pili. Mwanamke aliondoka polepole, akishika ukuta.

Saa kumi, benchi ilipokuwa tupu, Kasyoki alifunga mlango na kuanza kutafuta. Mashine ilihifadhi picha za mwaka mzima, ingawa watu wengi hospitalini hawakujua hilo. Alizifungua moja baada ya nyingine hadi macho yakamuuma. Mwezi wa Julai aliupata ule uzi na ile punje, kwa jina la Phylis Katee, mwalimu, miaka thelathini na tisa. Mwezi wa Machi akavipata tena, kwa jina la Rosalia Kisilu, mwalimu, miaka arobaini na sita. Alipima upana wa vali katika picha zote tatu. Ulikuwa unapungua, kidogo kidogo, jinsi vali ya mtu mmoja inavyoendelea kukaza.

Kisha akaenda kwenye kabati la faili za kliniki. Wale wawili wa kwanza walipaswa kuwa wanarudi kila mwezi kwa dawa na sindano. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi.

Usiku ule hakumwambia mumewe, Kimanzi, lolote. Kimanzi alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja huko Athi River na alikuwa na tabia ya kutatua mambo kwa haraka. Angemwambia apige ripoti polisi asubuhi. Kasyoki alitaka kwanza ajue yeye mwenyewe anasimama wapi.

Hakupewa nafasi. Asubuhi iliyofuata aliitwa na Daktari Wasike, msimamizi wa hospitali, mtu mpole aliyependa kunyoosha karatasi mezani kabla ya kusema. Siku hiyo alizinyoosha kwa muda mrefu. Akamweleza kwamba ofisi ya mkoa imeandika barua. Watumishi wawili wa serikali waliokuwa wakifanya kazi kaskazini, kwenye maeneo magumu, walikuwa wamepewa uhamisho hadi karibu na Nairobi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Wote wawili walikuwa wameambatisha ripoti za Olmoti. Sasa mmoja wao, mwalimu Phylis Katee, ameonekana akicheza netiboli kwenye mashindano ya walimu, na si kama mchezaji wa akiba.

"Sahihi ni yako?" aliuliza Daktari, akimsogezea karatasi.

"Ni yangu."

"Na moyo huo uliupima?"

"Niliupima, Daktari. Moyo ni mgonjwa kweli."

Daktari Wasike alimtazama usoni, kisha akairudisha karatasi ndani ya faili. Akamwambia aandike anachokumbuka, amletee Jumatatu ya wiki iliyofuata. Hakumlaumu kwa neno hata moja, lakini Kasyoki alipofika mlangoni aligeuka na kumkuta bado anamtazama, kama mtu anayelinganisha sura na picha.

Alipotoka humo hospitali ilikuwa imebadilika machoni pake. Watu walewale aliowasalimia kila asubuhi akaanza kuwapima kwa macho. Aliyemhangaisha zaidi alikuwa Wakhungu, karani wa rekodi. Huyo ndiye aliyeandikisha kila mgonjwa dirishani na kutoa kila kadi. Kama kulikuwa na mtu ambaye angeweza kumvika mtu jina la mwingine, ni yeye. Tena alikuwa na siri nyingi: akifunga droo ukikaribia, akikatiza simu. Na sasa Kasyoki alipoanza kumchunguza, aligundua kwamba Wakhungu naye anamchunguza. Mara mbili saa ya chakula cha mchana aliinua kichwa kantini akakutana na macho yake. Akakumbuka pia kwamba jana yake, alipotoka kuita mgonjwa, alimwona Wakhungu ameinama dirishani akizungumza chini chini na yule mwanamke wa leso, kwa Kibukusu, lugha ya huko Bungoma. Mwanamke anayeitwa Nthambi Mwanzia.

Moyo ulipomjaa alimwendea Jacinta.

Jacinta Ndulu alikuwa sista, muuguzi wa kliniki ya moyo, na rafiki yake tangu walipokuwa wakipanga vyumba kwenye ploti moja Kitengela. Walikuwa wakiimba kwaya pamoja. Jacinta alihama Januari mwaka ule, akaenda kwenye nyumba aliyojenga na mumewe upande wa Milimani, humo humo Kitengela, na kwa sababu moja au nyingine Kasyoki hakuwa amefika huko. Mara Jacinta ana wageni, mara watoto wana tetekuwanga, mara maji yamekatika. Lakini kazini walikunywa chai pamoja kila siku, na alasiri ya Jumatano hiyohiyo, wakiwa peke yao nyuma ya stoo, Kasyoki alimweleza yote: uzi, punje, majina matatu, barua ya mkoa, Wakhungu na Kibukusu chake. Akamwambia pia kwamba ushahidi upo, kwa sababu picha zote tatu bado zimo ndani ya mashine.

Jacinta alisikiliza hadi mwisho, chai ikapoa mkononi. Alisema mioyo inafanana, kama watu wanavyofanana. Alisema Wakhungu ana watu wake wakubwa na atamgeuzia kibao. Mwishowe alimshika goti.

"Wachana na hiyo maneno, Kasyoki. Andika tu hukumbuki. Nani anakumbuka watu wote?"

Kasyoki alirudi chumbani akiwa mwepesi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi asubuhi aliwasha mashine ili azichapishe zile picha. Ya Machi haikuwepo. Ya Julai haikuwepo. Hata ya juzi, Oktoba, haikuwepo. Picha nyingine zote zilikuwa mahali pake, mfululizo, isipokuwa hizo tatu.

Alikaa kwenye kiti chake, pazia limefungwa, bila kuita mtu. Wazo la kwanza lilikuwa Wakhungu, kwa kuwa ufunguo wa akiba wa chumba hicho ulining'inia ofisini kwake. Lakini kadiri alivyokaa ndivyo wazo hilo lilivyokataa kusimama. Wakhungu alijuaje kwamba picha zimo? Alijuaje zipi za kufuta? Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Na mtu huyo ndiye aliyekaa naye siku mbili nzima mtaalamu wa mashine alipokuja kuwafundisha. Kasyoki alilifukuza wazo hilo. Likarudi. Siku nzima alipima wagonjwa huku likiwa limeketi naye, na saa ya chai ilipofika alimtumia Jacinta salamu kwamba kichwa kinamuuma.

Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Wakhungu. Alifunga nyuma yake na kusimama akiwa ameuegemea.

"Madam, mimi niko na watoto wanne," alisema. "Sitaki kufungwa kwa sababu ya kazi yako."

"Kazi gani?"

"Hiyo ya msichana."

Kasyoki alimwambia azungumze wazi, kwa maana yeye naye alikuwa na maswali. Wakhungu akamwaga yaliyokuwa yamemkaa moyoni tangu Julai. Mwezi huo msichana alikuja dirishani na kadi ya Phylis Katee, mwalimu. Alipojibu maswali, Wakhungu alisikia lafudhi ya nyumbani kwao. Akamsalimia Kibukusu, na msichana, kwa furaha ya kusikia lugha yake, akaitikia kabla hajakumbuka kwamba yeye ni Mkamba. Jumanne iliyopita akarudi na kadi nyingine. Safari hiyo Wakhungu alimbana polepole, kwa lugha yao, mpaka akasema jina lake. Anaitwa Naliaka. Anaishi Kitengela, anafanya kazi ya nyumba kwa madamu mmoja wa hospitali hiyo.

"Mimi nikajua ni wewe," alisema Wakhungu. "Wewe ndio unakaa Kitengela. Wewe ndio unapima. Nikaanza kuweka macho."

"Nyumbani kwangu hakuna msichana wa kazi. Mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la saba."

Walitazamana. Kasyoki akauliza swali moja tu, ingawa jibu alikuwa nalo. Nani alichukua ufunguo wa akiba?

"Sista Jacinta. Jumatano, saa ya kufunga. Alisema wewe umemtuma."

Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Wakhungu alitoka akaufunga mlango taratibu.

Jumamosi Jacinta alikuwa zamu. Kasyoki alihakikisha hilo kwenye karatasi ya zamu kisha akaenda Milimani, akiuliza njia kwa wauza maji. Nyumba ilikuwa ya mawe, ua wa waya, nguo za watoto zilizofuliwa zimejaa beseni mbili kubwa. Msichana alikuwa akizianika. Aliinua shuka ndogo, akaitundika, akashika nguzo ya kamba, akasubiri pumzi zirudi. Akaokota nyingine. Kasyoki alisimama langoni akihesabu: nguo moja, kisha mapumziko. Hakuijua ile sura. Lakini mkono uliposhika nguzo aliujua.

Alipobisha, msichana alimtambua mara moja. Alimkaribisha kama mgeni wa heshima, akatoa kiti nje, akataka kupika chai. Kasyoki alimsihi aketi.

Kwa maneno machache machache, Naliaka akamweleza. Alitoka Bungoma mwaka uliopita, umri wake miaka ishirini na mmoja. Hapo mwanzoni mwa mwaka alikohoa sana na madamu akampeleka hospitali, kwa huruma yake. Huko madamu mwenyewe akamsikiliza kifua, akamwambia ana ugonjwa wa moyo. Hakuwa na kitambulisho wala kadi, hivyo madamu akamsaidia kupata kadi za watu wengine, kwa sababu kadi mpya inachukua muda. Alitakiwa tu kuitikia jina lililoandikwa na kutosema mengi. Madamu alikuwa mzuri kwake. Hakumpigia kelele alipochelewa kufua.

"Na dawa unapata?"

Naliaka aliingia ndani akatoka na chupa ndogo ya plastiki. Zilikuwa tembe za vitamini, za watoto, rangi ya chungwa.

"Madam alisema nikimaliza kupimwa mara tano ndio wataniita Nairobi nitengenezwe," alisema. "Sasa imebaki mara mbili."

Kasyoki alizishika zile tembe kwenye kiganja. Kwa miezi minane moyo huu ulikuwa umeandikiwa ripoti tatu, kila moja ya kweli, kila moja na sahihi yake, na zote zilikuwa zimekwenda kuwahamisha watu wazima wenye afya. Msichana mwenyewe hakuwa na hata karatasi moja hospitalini. Kwa upande wa serikali, hakuwa amewahi kuugua.

Alimwambia aache kufua. Alimwambia asimeze tena zile tembe, na kwamba Jumatatu atampeleka yeye mwenyewe kwa daktari, kwa jina lake. Naliaka aliitikia, lakini macho yalikuwa na wasiwasi, na Kasyoki aliona kwamba hofu hiyo haikuwa ya ugonjwa. Ilikuwa hofu ya kumwogopa yeye, mgeni aliyekuja wakati mwenye nyumba hayupo.

Bila shaka Naliaka alisema, kwa sababu Jumapili baada ya ibada Jacinta alimngoja Kasyoki nyuma ya kanisa. Hakupiga kelele na hakukana. Alianza kwa kueleza, na kwa muda Kasyoki alisikia sauti ya rafiki aliyemjua. Rosalia Kisilu alikuwa dada yake. Alifundisha miaka kumi na moja huko kaskazini. Majambazi waliwahi kusimamisha lori walilosafiria, wakamuua dereva miguuni pake. Aliomba uhamisho mara sita na mara sita akanyimwa. Jacinta alipousikia moyo wa yule msichana, mgonjwa kiasi kile, aliona mlango wa kumtoa dada yake. Mara moja tu. Lakini dada akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia mwingine, na hao hawakuja mikono mitupu.

"Na Naliaka?" aliuliza Kasyoki.

"Nilikuwa namtafutia nafasi Nairobi."

"Ulimpa vitamini, Jacinta."

Jacinta alitazama kitabu chake cha nyimbo. Aliposema tena, ule uchangamfu ulikuwa umeisha. Alimkumbusha Kasyoki kwamba jina la Jacinta haliko kwenye ripoti hata moja. Sahihi zote ni za mtu mmoja. Picha hazipo. Akamwomba, kama dada, wafanye mambo kimya: Naliaka arudishwe kwao Bungoma wiki hiyo na nauli na pesa za dawa, Kasyoki aandike hakumbuki, barua ya mkoa itajifia yenyewe kwenye faili.

Kasyoki alipaswa kukataa pale pale. Miaka mingi baadaye, alipowahadithia wanafunzi wake wa eko kisa hicho, sehemu hii hakuiruka. Alisema atafikiri.

Jumatatu hakwenda Milimani kumchukua Naliaka, wala hakwenda kwa Daktari Wasike; alituma neno kwamba bado anaandika. Alikuwa ameandika, kweli, karatasi mbili, moja yenye kila kitu na moja yenye neno "sikumbuki", na zote mbili zilikaa ndani ya mkoba. Jumanne alimshuku Wakhungu upya: je, kama yeye na Jacinta wako pamoja, na hadithi ya ufunguo ni mtego? Jumatano alimshuku Kimanzi kwa kuuliza mbona hali chakula. Alihisi hata wagonjwa kitandani wanamsikiliza. Kila alipotaka kusimama aende, aliiona sahihi yake, mara tatu, nyeusi, na uso wa Daktari ukilinganisha.

Alhamisi saa tatu asubuhi majirani wa Milimani walimleta Naliaka kwenye pikapu ya kubeba nyasi. Alikuwa ameanguka akibeba maji. Hakuweza kulala chali. Alikaa wima, mdomo wazi, akitema povu lenye rangi ya waridi. Jacinta alikuwa kliniki, akamwona akipitishwa, akabaki amesimama na faili mkononi. Dirishani, Wakhungu hakuuliza kadi. Aliandika jina yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa: NALIAKA. Akambeba mikononi hadi chumba cha eko, akisema naye lugha yao njia nzima.

Kasyoki alimpima akiwa amekaa, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Punje, uzi, vali ambayo sasa ilikuwa tundu dogo tu. Picha alizipata, akazichapisha nakala tatu hapo hapo. Hakungoja kuziandikia ripoti. Alizipeleka juu akikimbia, pamoja na ile karatasi yenye kila kitu, akaziweka mbele ya Daktari Wasike. Alimwambia kwanza huyo msichana anahitaji dawa ya kutoa maji kwenye mapafu sasa hivi, na pili, kwamba yeye amejua tangu Jumamosi na amekaa kimya siku tano.

Daktari hakunyoosha karatasi siku hiyo. Alishuka ngazi.

Naliaka hakufa. Alilazwa wiki tatu Olmoti, kisha akapelekwa Nairobi kwa gari la wagonjwa, na mama yake, mzee aliyekuja kutoka Bungoma na mfuko mmoja wa nguo, alikaa naye. Alisubiri zamu ya upasuaji miezi kumi na mmoja, akiingia na kutoka wodini. Vali ilifunguliwa mwezi wa Septemba mwaka wa elfu mbili na sita.

Uchunguzi ulichukua muda karibu sawa na huo. Jacinta alisimamishwa kazi, kisha akafutwa. Kasyoki alisikia kwamba kesi ilifika mahakamani Kajiado, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na hakujua iliishia wapi. Walimu walirudishwa kaskazini, hata Rosalia, ambaye Kasyoki hakuwahi kumwona wala hakuacha kumfikiria. Yeye mwenyewe alipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye mashine kwa miezi minne. Alirudi kwenye eksirei, ambako watu waliokuwa wakimchangamkia sasa walikatiza mazungumzo akipita. Kwaya aliiacha. Wakhungu hakumtendea ubaya wala wema. Alifunga droo zake kama zamani.

Aliporudishiwa chumba chake alibadilisha kazi ilivyofanywa. Alitaka kitambulisho. Alifungua pazia kwanza, akamtazama mgonjwa usoni, akamuuliza jina, kijiji, na jina la mama, kisha akamuuliza jina tena baadaye, ghafla, katikati ya kupima. Wazee wa Kimaasai waliotoka Ewuaso Kedong walilalamika kwamba yule mama anawahoji kama askari. Daktari Wasike alimwomba apunguze. Hakuweza.

Mapema mwaka wa elfu mbili na saba, Naliaka alikuja kupimwa tena. Alikuwa amenenepa, anatembea bila kushika ukuta, na kazi alikuwa amepata, kuuza nguo katika duka moja Kitengela. Kasyoki alikuwa amemngoja kwa hamu ambayo hakuitaja kwa mtu. Alimsalimia, akamuuliza habari za mama, akaanza kufungua jeli.

Naliaka alibaki amesimama, mkoba mbele ya kifua.

"Nataka kuona karatasi kwanza," alisema.

"Karatasi gani?"

"Hiyo utaandika. Nione jina."

Kasyoki aliichukua fomu tupu, akaandika jina lote, taratibu, akamgeuzia. Naliaka aliisoma herufi kwa herufi, kidole chini ya kila moja. Akauliza tarehe. Akauliza nakala zitakuwa ngapi na kila moja itakwenda wapi, na Kasyoki akamjibu yote, bila haraka, ingawa benchi nje ilikuwa imejaa. Hata baada ya hapo Naliaka hakulala akiutazama ukuta. Alilala ubavu, lakini shingo aliigeuza nyuma, na muda wote wa kupimwa hakuondoa macho yake kwenye mikono ya Kasyoki.